Kupanua daraja huku malori yanapita: mambo niliyoyaona saiti jirani na Uyole

Kupanua daraja ni kazi ngumu kuliko kujenga jipya, anayebisha muulize kwanza amewahi kukaa saiti ipi. Daraja jipya unachepusha barabara, unajenga kwa nafasi yako, mkimaliza mnafungua watu wanapita. La kupanua hulifungi, hasa kama liko TANZAM, maana hiyo ndo barabara inayobeba mzigo wa Zambia na Kongo kutoka bandari ya Dar, ukiifunga nusu siku tu foleni haina mwisho na simu zinaanza kupigwa kutoka juu. Kwa hiyo malori yanapita upande mmoja, nyie mko upande wa pili, na hicho mnachojenga kinatakiwa kishikane na kitu kilichojengwa miaka ile ya mwishoni mwa 60 na mwanzoni mwa 70 wakati mimi hata sijazaliwa.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, nilikuwa upande wa konsalti, yaani tunamsimamia kontrakta kwa niaba ya mwenye barabara. Vibarua wakanibatiza dada Kyubu kwa sababu kila wakiniona nimebeba yale maboksi ya chuma. Daraja silitaji na kampuni siitaji, ni ukitokea Igurusi kabla hujaingia Uyole, wa kule wataotea wenyewe. Ila hizo kyubu zenyewe nilizobatiziwa jina ndo nataka kuzisema, maana watu wanaziamini mno. Kyubu ni kipande cha zege lile lile mlilomwaga, kinatengenezwa kwenye boksi la chuma, kinavunjwa kwa mashine siku ya 28 kupima nguvu. Siku ya 28 daraja lako lina nondo ndani, limefunikwa, limeshamwagiliwa maji, na kontrakta ameshahamia kipande kingine. Ikikuambia kitu kibaya siku hiyo unafanyaje? Unaita jekihama, ile mashine ya kuvunjia zege? Kwenye kupanua daraja kinachoamua kila kitu ni pale zamani na mpya zinapokutana, na uamuzi wenyewe unafanyika kabla zege halijamwagwa, mara nyingi jioni, wakati kila mtu anataka kwenda kula.

Kwanza michoro ya zamani usiiamini. Tuliyopewa sisi ilikuwa imepigwa skani kutoka kwenye karatasi iliyochakaa, mistari mingine haisomeki, lakini nondo za deki, ile sakafu ya daraja magari yanapopita, zinaonekana zimepangwa vizuri kabisa. Tulipovunja ukingo wa zamani, ile sehemu ya reli, nondo tukazikuta lakini sio pale, zingine zimesogea, zingine zimepinda, na upande wa Mbeya zege lililofunika nondo lilikuwa jembamba sana, kutu imeshaanza kulivimbisha. Sasa nondo mpya inatakiwa ilale sambamba na ya zamani kwa urefu wa kutosha ili nguvu ihame kutoka moja kwenda nyingine, na kama ya zamani imekatika fupi au haipo ilipoandikwa hapo hakuna kuhamisha chochote. Injinia mkazi wetu akasimamisha jekihama kubwa akasema zitumike ndogo za mkono, maana ile kubwa inavunja unachotaka kuvunja na inatikisa hata usichotaka, inaweka nyufa za ndani kwa ndani. Macho hayazioni hizo. Unazisikia kwa nyundo, zege zima ukiligonga linalia kwa sauti kali, lililoachana linatoa sauti nzito ya uwazi.

Basi nikawa natembea na nyundo ya kawaida ya fundi, nagonga ukingo mzima, nachora kwa chaki. Foremani wa nondo, mzee mmoja wa Njombe, mtu wa heshima zake na kazi anaijua, akanitazama weee mwishowe akashindwa.

"Mwanangu, hilo zege unaloligonga lina umri kukuzidi."

"Ndo maana naligonga baba, la umri wangu ningeliuliza tu."

Alicheka ila tangu hiyo siku akawa ananiita mwenyewe akiona sehemu ina walakini. Kwa mtu wa ukaguzi foremani mzuri ni nusu ya kazi. Wengi wa upande wetu wanawafanya maforemani maadui kuanzia siku ya kwanza, wanapita na karatasi hawasalimii mtu, alafu wanashangaa mbona wanafichwa mambo.

Sasa matundu. Hapa nitakaa kidogo.

Pale nondo za zamani zilipokuwa fupi au hazipo, suluhisho ni kutoboa zege la zamani kwa drili, unaingiza nondo mpya na gundi ya epoksi. Nondo ya milimita 16 inaingia kwenye tundu la milimita 20 hivi, kina kimeandikwa kwenye mchoro. Ukisikia unaona kazi rahisi. Kijana anatoboa, vumbi linatoka, mwingine anapuliza, wa tatu anasukuma gundi, nondo inaingia, mnaenda tundu la pili. Kwa nje hutaona tofauti yoyote kati ya tundu zuri na bovu, nondo zote zimechomoza zimepangana, hata ukipiga picha ya ripoti inapendeza. Ila ndani, kama vumbi halijatoka lote, epoksi inashika vumbi, haishiki zege, ni sawa na kubandika karatasi kwenye meza yenye unga.

Utaratibu wenyewe ni puliza, piga brashi ya waya, puliza tena, brashi tena, puliza. Brashi iwe ya unene wa tundu, ikiingia bila kukwaruza pembeni haifanyi kitu. Nikakuta wale vijana wanapuliza kwa mdomo kupitia mpira mwembamba, mara moja, basi. Ukipuliza kwa mdomo unaongeza na mate. Wakaletewa kompresa. Nikachukua kitambaa cheupe nikakishika mbele ya mpira wa kompresa ikiwa inapuliza, kikatoka na madoa meusi ya oili. Yaani ile hewa ya kusafisha tundu ndo ilikuwa inalipaka mafuta kwanza. Kompresa nyingi za kukodi ziko hivyo, kichujio kimechoka na hakuna anayekibadilisha kwa sababu kwa jekihama haina shida. Wakabadilisha kichujio, na kile kitambaa nikakifanya cha kila asubuhi kabla ya kazi kuanza.

Alafu gundi yenyewe inaanza kujazwa kutoka mwisho wa tundu kurudi nje, bomba la kusukumia lifike mpaka ndani kabisa. Ukianzia mdomoni unafungia hewa huko nyuma, nondo ikiingia ile hewa haina pa kwenda. Nondo unaiingiza kwa kuizungusha taratibu, na lazima gundi kidogo ichomoze mdomoni ikifika mwisho. Isipochomoza, itoe, anza upya. Nilikuwa nawaambia wale vijana mimi sina shida na gundi iliyomwagika nje, nina shida na tundu kavu. Kuna mmoja akawa ananiita nione kila tundu likichomoza, "dada Kyubu njoo uone linacheka!", kanisumbua wiki nzima lakini matundu yake yote yalikuwa mazuri.

Na hii sio nadharia. Lile kundi la mwanzo, lililofanyika kabla ya kompresa, tulipolijaribu kwa jeki ya kuvuta, baadhi ya nondo zilitoka na gundi yake nzima, imeganda vizuri imekakamaa, pembeni imezungukwa na vumbi la kijivu. Gundi haikuwa na kosa lolote. Kontrakta alianza kusema jeki yetu haiko sawa, cheti cha kalibresheni kikaletwa, akanyamaza, akatoboa mapya pembeni kwa gharama zake.

Halafu baridi. Vitabu vingi vya zege vinavyosomwa vyuoni kwetu vinahangaika na joto, funika zege lisikauke, mwaga asubuhi au jioni, usiache kokoto juani. Sawa, hiyo ni Dar, ni Morogoro. Kule Uyole mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka mpaka nyuzi 5 au 6, upepo unatoka milimani, ukiamka maji ya kwenye pipa huwezi kunawa. Epoksi asubuhi inakuwa nzito haitoki kwenye bomba, na ukisoma karatasi ya kwenye boksi lake kuna jedwali, muda wa kuganda unaongezeka kadiri joto linavyopungua, kitu cha saa chache mchana kinaweza kwenda mpaka kesho. Vibarua wanaishika asubuhi iliyofuata wanaona ngumu, wanafunga fomwaki, yaani kasha la kushikilia zege bichi, juu yake, wanaanza kupiga nyundo. Tukahamisha kazi yote ya gundi ikawa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa, na maboksi yanalala ndani ya kontena la ofisi badala ya nje. Kontrakta alilalamika kwamba anapoteza saa za kazi, ni kweli alizipoteza.

Kyubu nazo zikaleta kioja. Kyubu za kwanza za nguzo zilipofika siku 7 zikavunjika chini, mbali na zile theluthi mbili za nguvu tulizozoea kuziona siku ya 7. Zege ni lile la gredi ya 30, saruji ya Songwe kwa jirani hapo, mahesabu ya mchanganyiko yalishajaribiwa. Meneja wa kontrakta akaja mbio anataka kuongeza saruji, jambo ambalo lingepandisha gharama yake, nikaona huyu ana wasiwasi wa kweli. Nikazamisha termomita kwenye tenki la kutunzia kyubu. Nyuzi 13. Inatakiwa 20, juu au chini 2. Tenki limekaa nje kwenye kivuli cha mti, wamelipaka rangi nzuri tu, na zile kyubu zilikuwa zinalala kwenye baridi zinakua polepole. Tukaliingiza ndani, tukaweka hita ndogo, kundi lililofuata likapanda bila kuongeza hata kilo ya saruji.

Watu wakafurahi mambo yameisha. Mimi ndo nikaanza kukosa usingizi, maana sasa kyubu zinalala kwenye maji ya vuguvugu ndani ya nyumba wakati zege lenyewe liko juu ya mto linapigwa na upepo. Kyubu ya tenkini inakuambia kama mchanganyiko ni mzuri. Haikuambii kama deki yako leo ina nguvu ya kutolewa fomwaki. Kwa hiyo tukawa tunatengeneza seti mbili, moja ya tenkini, nyingine inakaa palepale juu ya deki chini ya magunia yaleyale yaliyolowa, ikipata baridi ileile. Fomwaki haitoki mpaka hizi za juu zikubali. Tofauti ya seti hizi mbili kwa mwezi wa saba ilikuwa kubwa mno, kuna wakati fomwaki ambayo kwa ratiba ilitakiwa kutoka ikaongezewa karibu wiki, na ratiba ikavurugika, na mkutano wa mwezi ukawa mrefu sana siku hiyo.

Mchanga nitasema kwa kifupi. Ukanda ule una udongo wa volkano, mchanga wa baadhi ya vijito una chembe za pumisi, jiwe jepesi lenye vitundu linaloelea. Chukua chupa ya maji safi, weka mchanga, tikisa, uache. Kinachoelea juu ni pumisi, kinachofanya maji yabaki machafu muda mrefu ni udongo. Pumisi inanyonya maji ya mchanganyiko na nguvu yake ni ndogo. Tulirudisha malori ya mchanga getini kwa chupa ya maji ya kunywa, na baada ya muda madereva wenyewe wakawa wanakuja wameshatikisa chupa yao huko huko mtoni, hawataki kuchoma dizeli bure.

Kitu kilichokuwa kinanikera kuliko vyote ni ombi la ukaguzi la saa kumi na moja jioni ya Ijumaa. Wote mliokaa saiti mnalijua. Karatasi inaletwa, "dada tunaomba utukagulie nondo tumwage", na huku nyuma unasikia mikisa, yale malori ya kuchanganyia zege, zinanguruma, zege limeshachanganywa, liko njiani. Sasa ukikataa, zege lile linamwagwa porini na wewe ndo unaonekana mtu mbaya, ukikubali umekagua nini? Mwanga umeshapungua, chini ya nondo wameweka kokoto badala ya spesa za kuinua nondo zisiguse fomwaki, waya wa kufungia umelala umegusa fomwaki, kuna maganda ya machungwa ndani. Kugombana kila Ijumaa hakusaidii. Tulichofanya, injinia mkazi akaandika barua kwamba kituo cha kuchanganyia hakitoi zege la daraja bila namba ya karatasi iliyosainiwa, na mtu wa pale kituoni anapewa namba na sisi, hapewi na foremani. Kwa hiyo saini inatangulia mikisa. Walipinga, wakasema tunawachelewesha, baada ya muda maombi yakaanza kuja saa nne asubuhi yenyewe, hakuna aliyelazimishwa. Kumbe inawezekana.

Tufike kwenye mshono, pale deki mpya inapofungwa na ya zamani. Ukishajenga deki mpya pembeni ya ile ya zamani usiziunganishe siku hiyo hiyo. Mpya inashuka kidogo kwa uzito wake ikitolewa fomwaki, inanywea ikikauka, na msingi wake nao unakaa sawa, wakati ile ya zamani ilishamaliza hayo yote zamani. Ukizifunga mapema zitavutana. Kwa hiyo unaacha ukanda wa wazi katikati, upana kama mita moja, nondo za pande zote mbili zimechomoza zinaangaliana, unasubiri. Mpima wetu alikuwa na pini pande zote za deki anasoma leveli, zilipoacha kushuka ndo tukaruhusiwa kufunga.

Shida ni malori. Mzani wa Uyole uko hapo karibu, gari la ekseli saba linaruhusiwa mpaka tani 56, na zinapita mfululizo. Watu wanasema mtikisiko unaharibu zege bichi. Mtikisiko wenyewe kwa zege zito lisilo na maji mengi hauna neno sana. Kibaya ni deki ya zamani kupinda lori likipita huku mpya imetulia, kwa hiyo nondo zinazotoka upande wa zamani zinachezacheza ndani ya zege linaloganda, kila nondo inajichimbia kauwazi kake pembeni. Kauwazi hako hakazibiki tena. Kwa hiyo tulifunga nondo za pande mbili kwa waya kila makutano, tukaweka vyuma vya kubana deki mbili ziende pamoja, malori yakasogezwa yapite mbali kabisa na mshono njia moja tu, mwendo wa kutambaa, na slampu, yaani kipimo cha ulaini wa zege bichi, tukaibana. Hapo kwenye slampu ndo penye vita, maana dereva wa mikisa akiona zege zito anaongeza maji ya tenki lake kimyakimya, limwagike haraka arudi. Koni ya kupimia slampu nilikuwa nayo palepale, tabaka tatu, kila tabaka mapigo 25, inua taratibu, pima. Usiku wa kumwaga mshono zege la gari moja likashuka kupita kiasi, nikalikataa, dereva akaniambia "sista na hii baridi kweli?" nikamwambia baridi naisikia kaka, geuza. Likaenda kumwagwa kwenye njia ya kuingilia kambini, mpaka leo iko ngumu.

Tulimwaga usiku mpaka karibu alfajiri. Washika bendera walisimamisha magari kabisa kwa vipindi pale vaibreta za kushindilia zege zikifanya kazi upande wa nondo nyingi, madereva walitukana mwanzoni, alafu wakina mama wakaleta chai ya tangawizi na viazi vya kukaanga kwenye foleni, kelele zikaisha. Kuna kiongozi mmoja alipita asubuhi kwenye msafara akateremka akauliza tunamaliza lini, swali la kawaida, hajawahi kutokea wa kuuliza nondo ziko vipi. Magunia yakawekwa, maji yakamwagwa asubuhi na jioni, na usiku tukaongeza turubai juu yake kwa ajili ya baridi.

Mvua za mwezi wa kumi na mbili zilipoanza nikaingia chini ya daraja na tochi kuangalia mshono kwa chini. Ukitaka kujua zimeshikana au hazijashikana angalia maji, yanatafuta njia yenyewe. Sehemu kubwa ilikuwa kavu. Upande wa Mbeya, pale pale kwenye lile zege jembamba lenye kutu, kulikuwa na mistari miwili ya unyevu na chokaa nyeupe inaanza kutoka. Nikapiga picha, nikapima urefu, nikaandika. Kontrakta akasema hiyo ni zege la zamani, haimhusu, sisi tukasema mstari uko kwenye mshono wake, wakabishana ofisini wiki kadhaa mpaka likaamuliwa kwa mkataba kwamba bado yuko kwenye kipindi cha matazamio, yaani kasoro zikionekana anarekebisha yeye. Akaleta watu wakadunga epoksi kwenye nyufa, safari hii mchana, na kompresa ikapimwa kwa kitambaa kwanza. Mvua iliyofuata mstari mmoja ulikauka. Wa pili ulipungua haujaisha, uko kwenye orodha ya mambo ya kumaliziwa kabla hajapewa fedha zake zilizobaki, na niliyemkabidhi ile orodha nilimwachia na nyundo.